Ushauri: Nivipeleke jukwaani vichekesho vya ubaguzi unaoikuta familia yangu?

Mmachame_wa_Usa:
Wakuu, habari za jioni. Nina jambo linaninyima usingizi, naomba tushauriane kiutu uzima.

Kwetu ni Machame, naishi Usa River. Mke wangu ni Mjerumani, huu ni mwaka wa 14 wa ndoa, tuna watoto wawili. Watu wakituona pamoja wanakuwa wameshatupangia vyeo. Hoteli moja mlinzi alinishika bega: "Braza, chakula cha madereva kipo nyuma, karibu na jenereta." Nikamwambia, "Basi muelekeze huyu mama, maana ndiye aliyeendesha." Pale Mnara wa Saa wauza tingatinga wanamfuata mke wangu na picha, mimi wananinong'oneza nimpandishie bei tugawane. Na kwao hivyo hivyo. Kwenye treni karibu na Munich polisi walipita behewa zima, wakaja kusimama kwangu tu, wanataka pasi. Mwanangu wa miaka 7 akawauliza kwa Kijerumani, "Mama naye anayo, mbona yake hamuiombi?"

Haya mambo yanauma. Ila nimeona nikiyasimulia kwa uchungu watu wanaangalia chini, mada inabadilishwa. Nikiyasimulia kwa kuchekesha wanacheka kwanza, halafu mmoja ananivuta pembeni: "Hivi kweli alikwambia hivyo?" Hapo ndipo tunaongea.

Sasa nimealikwa kwenye usiku wa vichekesho hapa Arusha, dakika 20, Jumamosi hii. Mke wangu hajasema kitu. Je, ni sawa kuchekesha watu kwa jambo kama hili? Nawasilisha.

Kahawa Chungu:
Nimewahi siti ya mbele. Mkuu, shemeji hana mdogo wake?

Mpare wa Same:
Mimi nikimkuta Mchaga hata msibani nadondosha sarafu nione kama marehemu ataamka. Naye atanijibu kwamba kwetu ugali tunaulia harufu ya samaki wa jirani. Babu yangu alipofariki, mtani wetu wa Kibosho aliingia kaburini akalala, akagoma kutoka mpaka apewe chake. Tulicheka na machozi yanatoka. Lakini yule yule ndiye aliyekuja alfajiri na jembe lake, akachimba hilo kaburi. Utani ni wa kupeana, na mtani wako ana haki ya kukujibu papo hapo. Mlinzi wa hoteli si mtani wako, wala hao polisi wa treni. Mimi hapo ndipo ninapokwama na hoja yako.

Meku wa Old Moshi:
Kijana, huku kwetu Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, chifu wetu, mwaka 1900, na ukoo wake umehangaika miaka na miaka kutafuta kichwa chake Ujerumani. Halafu wewe unapanda jukwaani kuchekesha watu kwa dharau ya rangi? Yapo mambo ya kuchekea. Hili halimo.

Mmachame_wa_Usa:
Shikamoo meku. Aliyetaka twende Old Moshi kuuona ule mti alionyongewa Mangi Meli ni mke wangu. Watoto wakamuuliza pale pale, "Mama, walikuwa watu wa kwenu?" Akasema ndiyo. Siku ile hakuna aliyecheka, na hiyo sitaisimulia jukwaani kamwe.

Binti wa Kiboriloni:
Mimi ni Mtanzania wa asili ya Kihindi, kizazi cha nne Moshi. Nyumba ya babu ilitaifishwa 1971, akabaki mpangaji kwenye vyumba vile vile alivyovijenga. Nilipokuwa mdogo, mtu akimwita mama gabacholi sokoni, mama anageuka na kumjibu kwa Kichaga. Kina mama wote wanaangua kicheko, na aliyemwita anamwongezea kichane cha ndizi. Nilikuwa naona mama kashinda, natembea naye kwa maringo mpaka nyumbani. Nimekuwa mtu mzima ndiyo ananiambia kwamba siku hizo akifika alikuwa anakaa jikoni gizani kwanza, kabla ya kuwasha taa. Kwa hiyo ushauri wangu, kaka, ni kwamba kicheko kinasaidia, lakini muulize anayerudi nacho nyumbani.

Ibara13:
Katiba ya 1977, ibara ya 13, inakataza kubagua mtu kwa rangi yake. Hiyo hoteli andikia barua menejimenti. Vichekesho vije baadaye.

Mama Wawili:
Mtoa mada, nimekusoma mara mbili. Mlinzi umemweleza, wauza picha umewaeleza, polisi umewaeleza. Wa kiume umetupa mpaka alichosema kwa Kijerumani. Huyo mtoto mwingine yuko wapi kwenye hii habari?

Mmachame_wa_Usa:
Ni wa kike, ana miaka 11. Hajambo.

Mama Wawili:
Sikuuliza umri. Ndiye asiyetaka upande jukwaani?

Mmachame_wa_Usa:
Sawa, niseme.

Anasoma darasa moja na mtoto wa kaka yangu, ni dada yake kabisa, wanabadilishana mpaka viatu. Mpiga picha alikuja kupiga picha za kalenda ya shule. Akamvuta binti yangu mstari wa mbele katikati, dada yake akamrudisha nyuma ya watoto warefu. Akasema, "Huyu mweupe akae mbele, picha ing'ae." Mvua ikaanza, wakaambiwa picha itapigwa tena kesho.

Jioni binti akajifungia bafuni na kopo la kiwi nyeusi. Tulipofungua alikuwa amejipaka kuanzia vidole mpaka mabegani, ameanza na shavu moja. Ametulia kabisa, kama mtu anayefanya kazi ya nyumbani aliyopewa na mwalimu. Akasema, "Ili kesho nisimame nyuma na dada." Mama yake alimsugua mpaka saa nne usiku.

Aliniomba nisimwambie mtu, hata bibi yake. Mwezi uliopita kwenye sendofu ya binamu yangu Moshi nilipewa maiki, nikaisimulia. Ukumbi ulisimama kupiga makofi. Kuna aliyerekodi, video ikaingia kundi la wazazi wa shule. Sasa darasani wanamwita Kiwi. Tangu Jumatatu anasema tumbo linamuuma, haendi shule.

Na ndiyo hadithi niliyopanga kufungia Jumamosi.

Mpare wa Same:
Duh.

Mmachame_wa_Usa:
Kabla hamjanishukia nisikilizeni. Jina lake sikulitaja. Anayechekwa kwenye ile hadithi ni mpiga picha, si mtoto, aliyeangalia video yote analijua hilo. Malipo ya awali nimeshapokea, laki moja na nusu, na tangazo limesambaa. Baba yangu alikuwa mpagazi wa mlimani. Alitulea kwa kutusimulia alivyoitwa "boy" na wageni akiwa na miaka 50, na anavyoigiza wanavyotembea tulikuwa tunacheka mpaka tunashika mbavu. Hakuna aliyeharibika. Tumekua tunajua dunia ikoje na hatuiogopi.

Mama Wawili:
Baba yako alisimulia yaliyompata yeye.

Kichwa Ngumu:
Wakuu, hii ni chai, tena ya maziwa na tangawizi. Mtoto alikuwa "hajambo", mistari mitatu mbele tumbo linauma. Shoo Jumamosi, uzi unafunguliwa Jumatano, na hadithi imekaa na mwisho wake umenyolewa vizuri. Huyu mchekeshaji anafanyia mazoezi kwetu bure aone wapi tunacheka. Na tangu lini kiwi ikahitaji kusuguliwa mpaka saa nne? Sabuni ya mche, dakika kumi, kwisha. Kama ni kweli weka tangazo hapa.

Kahawa Chungu:
Na mimi nilishaanza kuhisi. Nilikaribia kulia, kumbe napigwa kamba.

Ibara13:
Moderator, hamisha uzi uende jukwaa la hadithi.

Mmachame_wa_Usa:
Sabuni ya mche haikutoa kitu. Kilichotoa ni mafuta ya kula na taulo la zamani, halafu ndiyo sabuni. Kwenye mikunjo ya viwiko na pembeni ya kucha weusi ulikaa karibu wiki. Shati la shule mikono haijatakata mpaka leo, limo kwenye kapu la nguo, mama yake hataki kulitupa. Tangazo siweki hapa, lina jina langu kamili, na jina la ukoo ndilo analoitwa mtoto shuleni.

Binti wa Kiboriloni:
Basi kaka, umeshamtaja.

Fundi Viatu Stendi:
Mimi nang'arisha viatu stendi ya Moshi mwaka wa tisa. Jamaa hadanganyi. Kiwi imetengenezwa kwa nta na rangi, kwenye ngozi maji hayaiwezi, na mafuta ya taa yanatoa lakini yanaunguza. Vidole vyangu havijawahi kutakata hata siku ya harusi yangu. Mtoto akipaka mpaka mabegani huyo alikuwa anakusudia. Mwambieni Kichwa Ngumu apake mkono mmoja leo atuletee picha kesho.

Kichwa Ngumu:
Kwa hilo la kiwi nimekubali. Tangazo bado nalidai.

Mpare wa Same:
Achana na tangazo. Mtoa mada, mlinzi na polisi ni vyako, kapande navyo, nami nitatoka Same nije. Hiyo ya mwisho ina mwenyewe, na hajapewa nafasi ya kukujibu.

Mama Wawili:
Na pale darasani, nani ameenda kuongea na mwalimu? Hilo hujaligusa kabisa.

Mmachame_wa_Usa:
Sijaenda. Nilikuwa naona aibu kwa sababu video ni yangu.

Nimemwita sasa hivi sebuleni, nikamwambia nimeandika habari zake tena, huku. Akasema nimsomee. Nimemsomea yote, mpaka pale dada wa Kiboriloni aliposema nimeshamtaja. Akauliza kama mama yake huyo dada bado yupo hai. Nikasema sijui. Akasema niishie hapo, akaenda kulala. Hajasema ndiyo, hajasema hapana.

Kesho asubuhi naenda shule kuonana na mwalimu. Mwenye ukumbi nampigia nikirudi.

Binti wa Kiboriloni:
Mwambie yupo, ana miaka 81. Na siku hizi anawasha taa akiingia tu.

Kichwa Ngumu:
Tunasubiri mrejesho.