Nyota za Igombe kwa kamera ndogo ya mfukoni

Swali: Wakuu, kamera yangu shata (muda wa kupokea mwanga) inafika sekunde 15, ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) 1600. Nikipiga nyota ufukweni Igombe, Mwanza, picha inatoka nyeusi. Nikivuta zumu, nyota zinakuwa michirizi. Nakosea wapi?

Lenzikavu: Ni hiyo zumu, mkuu. Ukivuta, lenzi inapitisha mwanga kidogo, na mzunguko wa dunia unaonekana haraka. Rudisha mwisho kabisa. Zima flashi, anza na sekunde 15, ISO 800. Fokasi iwe kwenye alama ya mlima, yaani vitu vya mbali. Fokasi ya oto gizani haina cha kushika. Huna stendi? Mfuko wa mchele wa nusu kilo juu ya jiwe, bonyeza kidole uutie shimo, laza kamera humo. Taima sekunde 2, maana kidole ndicho kinachotikisa. Ikiganda sekunde 15 nyingine baada ya kupiga, usiizime, inasafisha chenga, yale madoa madogo ya picha za gizani.

Bwiru_juu: Nenda siku za giza, mwezi haupo. Tatizo ndizo siku za wavuvi wa dagaa, karabai zimejaa ziwani! Inua kamera, maji yabaki nje ya picha. Umande pia: nyota zikianza kuvimba kama pamba, futa kioo kwa kitambaa kikavu. Usipulizie.

Muuliza swali: Asanteni. Na Msalaba wa Kusini?

Lenzikavu: Mwisho wa Mei, saa tatu usiku, kusini, ngumi tatu juu ya upeo, mkono ukiwa umenyooshwa. Upande huo ndiko mjini, kuna mwanga wa taa, kwa hiyo shusha shata hadi sekunde 8.