Tupeane uzoefu: umewahi kupanga nyumba kuukuu Mji Mkongwe, Zanzibar?

MamaPacha: Leo nimefungua begi la safari, kanga imetoka na harufu ileile ya chokaa mbichi. Nikakumbuka siku nne tulizopanga mtaa wa Kiponda. Kwenye picha tulioneshwa kitanda cha nguzo na mlango wa misumari ya shaba, na kweli vyote tulivikuta. Maji tu ndiyo hayakupanda ghorofa ya tatu. Tukabeba ndoo kwenye ngazi zile zilizosimama wima, na mama yangu ana miaka 71 na goti bovu. Siku ya pili alishuka, hakupanda tena. Akalala chini ukumbini, kwenye mkeka. Bado inaniuma.

Bint_Pwani: Ngazi zile! Pole sana dada.

MtuWaTanga: Naomba niseme yangu, sijawahi kuiandika popote. Ilikuwa masika, mtoto wetu ana miezi minane. Usiku wa pili nikasikia mchanga unadondoka juu ya chandarua. Nikasema panya. Ukazidi. Nikawasha tochi: boriti imeoza pale inapoingia ukutani, na ukuta wenyewe ukiugusa unamomonyoka kama mkate uliolowa. Nikamwamsha mke wangu, tukashuka na mtoto na begi moja tu, tukakaa kwenye baraza ya jirani mvua ikinyesha. Saa tisa usiku. Kabla ya adhana ya alfajiri, kishindo. Nilipopanda kuangalia, mawe ya sakafu ya juu yamejaa kitandani, chandarua hakionekani.

Mzee wa nyumba ile ya jirani akafungua mlango. Hakuuliza sisi ni nani. "Ingieni, mtoto asipigwe na umande." Akatupa chai na kanga kavu. Mwenye nyumba alipokuja alisema atapiga plasta, nimpe siku moja. Pesa za siku zilizobaki hakunirudishia.

Bint_Pwani: Ya Rabi. Nimesoma mara mbili, mwili unanisisimka.

FundiChokaa: Plasta ya saruji ndiyo inayoziua nyumba hizi! Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ukuta wa chokaa unanyonya maji na kuyatoa. Ukiuziba kwa saruji maji yanabaki ndani, vichwa vya boriti vinaoza. Halafu watu wanaongeza bafu kila ghorofa, mabomba yanavuja humohumo. Tusingoje maafa: Beit al-Ajaib, lile jumba la zamani la sultani, ilibomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakafa.

Mrithi_Sokomuhogo: Msituhukumu wote. Nyumba yetu ni ya urithi, tuko ndugu kumi na mmoja. Fundi wa chokaa ghali, boriti nzuri adimu, na kila tengenezo lazima kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe.

FundiChokaa: Basi usipangishe mpaka utengeneze.

Mrithi_Sokomuhogo: Nitatengeneza kwa pesa gani nisipopangisha?

MamaPacha: Jamani, hapa tunazungumzia roho ya mtoto.

Mzee_Malindi: Mimi nilipanga mtaa wa Malindi, hukohuko Mji Mkongwe, umeme ulipokatika Unguja nzima, Desemba 2009 hadi Machi 2010. Miezi mitatu! Tulilala juu ya paa, na sijapata usingizi mtamu kama ule.

Bint_Pwani: Kwa wanaokwenda: chukueni ghorofa ya chini.

FundiChokaa: Chini ndiko kwenye unyevu. Chukua ya juu, ila tazama kwanza vichwa vya boriti.

Mzee_Malindi: Nusa ukuta kabla hujalipa. Na masika usiende.

Mwanafunzi_Dar: Masika ndiyo bei ninayoiweza, mzee wangu.

MamaPacha: @MtuWaTanga, mlirudi tena?

MtuWaTanga: Tulirudi Januari, kumpelekea yule mzee kahawa na kanzu. Mtoto sasa anatembea, akamshika ndevu. Ile nyumba imetiwa kufuli. Ukisimama kichochoroni ukatazama dirisha la chumba chetu, unaona mbingu.