Nyenje wa kulisha vinyonga wametoroka ndani ya nyumba ya kupanga, naomba ushauri

Mwanaipagala:
Habari za jioni wakuu. Nipo Ipagala, Dodoma. Nafuga vinyonga wawili kwa kibali, nawatumia kufundishia wanafunzi. Chakula chao ni nyenje ninaowazalisha mwenyewe kwenye ndoo kubwa yenye trei za mayai na pumba. Juu nilifunga kipande cha chandarua. Jumamosi asubuhi nimekuta wamekitafuna, tundu kama sarafu. Nakadiria mia mbili wametoka, wakubwa kwa wadogo.

Usiku hakulaliki. Tuna mtoto wa miezi minne, kila akisinzia wanaanza. Mpangaji mwenzangu ana magunia mawili ya mtama upande wa pili wa korido na ana wasiwasi, simlaumu. Mama mwenye nyumba ameshanunua dawa ya kupuliza, amenipa hadi Ijumaa. Ni watu wema, walivumilia hata vinyonga ambao wengi wetu tumekua tukiwaogopa. Ila dawa naihofia kwa mtoto na kwa wanyama. Nifanyeje?

Jembe la Mkono:
Pole mkuu. Mimi ningepuliza, mtoto alale.

Mfugaji Nkuhungu:
Kaka, usipulize. Nyenje aliyekula dawa hafi papo hapo, anatembea akiwa amelegea, na huyo ndiye kinyonga atamdaka kwanza. Sumu inahamia kwake. Na mtoto wa miezi minne karibu ataanza kutambaa kwenye sakafu hiyo hiyo.

Hali ya hewa yetu iko upande wako. Nyenje anataka joto na unyevu. Jike, yule mwenye mwiba mrefu nyuma, hutaga kwenye udongo mbichi, mayai yakikauka hayaanguliwi. Kwa hiyo kazi ya kwanza usiku wa leo ni maji. Kausha bafu, funika tundu la maji machafu, toa nje vyungu vya maua pamoja na visahani vyake, usiache tambara bichi jikoni. Julai hii Dodoma hakuna mvua, nyumba ikiwa kavu hawana pa kuzalia.

Pili, baridi. Usiku wa sasa wanakimbilia penye joto, tafuta nyuma ya friji na karibu na jiko. Chukua kopo refu la plastiki lenye kuta laini, weka pumba kidogo na kipande cha karoti, egemeza kadibodi kwa nje iwe ngazi. Wakiingia hawawezi kupanda kutoka. Pembeni laza trei za mayai, watajificha humo. Alfajiri, kabla hapajapata joto, wanakuwa wazito: beba trei taratibu, kung'utia kwenye ndoo. Mimi niliwahi kumwaga ndoo nzima, wiki ya kwanza nilikamata wengi kwa trei kuliko kwa kopo.

Wanaolia ni madume waliokomaa tu, ukiwapata hao mama mwenye nyumba atapumzika hata kama wadogo bado wapo. Nguo za mtoto zenye maziwa zifue mapema, wanazitafuna.

Mama Chamwino:
Mwanangu, mwambie huyo jirani nyenje siyo dumuzi, hazaliani ndani ya mtama mkavu. Anaweza kutafuna gunia na punje mbili tatu. Ayainue magunia juu ya mbao, afunge midomo vizuri, azungushie majivu makavu yaliyochekechwa. Majivu yanakausha wadudu, tumehifadhia nafaka hivyo tangu kwa bibi zetu. Na umwendee mwenyewe umwombe radhi, usimtume mkeo.

Jembe la Mkono:
Nimeelewa Mfugaji, la kinyonga kula sumu sikulifikiria. Je, hao aliowakamata awalishe?

Mfugaji Nkuhungu:
Kama nyumba haijapulizwa karibuni, sawa. Kama imepulizwa, awatupe. Na asiwaachie wengi kwenye banda la kinyonga usiku, wakikosa chakula wanamng'ata akiwa amelala. Kaka, chandarua achana nacho, weka wavu wa chuma wenye matundu madogo, na zungushia selotepu pana ndani ya mdomo wa ndoo, wanateleza.

Mwanaipagala:
Asanteni sana, na mama shikamoo. Nimerudi na mrejesho, leo ni Alhamisi. Nilikwenda kwa jirani mwenyewe, tumeinua magunia pamoja na kuweka majivu. Chungu kimoja cha mke wangu kilikuwa na majike matatu kwenye udongo, nimekitoa uani. Kwa trei na kopo nimekamata 140 na zaidi. Mama mwenye nyumba aliona ndoo, akarudisha dawa stoo, ameniongezea wiki mbili. Wavu wa chuma nimefunga jana. Usiku amelia mmoja tu, yuko nyuma ya friji. Kopo nimeliacha pale pale.