ALIPANGUSA JASHO NA KILE KIKWEMBE. MBELE YANGU. MBELE YA BANTU BOTE.

Starlet_ya_Katuba

Bandugu, mi sijalala. Simu iko na moto kidogo sana lakini nitaandika paka izimike.

Mutu mwenye naongelea hapa sitaji jina. Hakuna haja, munamujua. Yule wa pale karibu na reli, anavalaka kofia ya pamba hata mwezi wa kumi wakati jua inachoma mpaka kivuli. Anakuitaka "patroni" mbele ya kukula feza yako, akiisha kukula anakuita "weye".

Alipangusa jasho nayo. Nitarudilia hii mara mingi, munisamehe.

Iko hivi. Gari yangu ni Starlet GT Turbo, ile EP82, volan kuume, ilitoka Japani ikapita Dar, Tunduma, Zambia, Kasumbalesa, njia muzima inakula vumbi. Bantu banaicheka ju ni kadogo. Ndiyo, moteri ni cc 1331 tu, 4E-FTE, lakini ku fabrika ilitokaka na farasi 135 na gari yenyewe haifikie hata kilo 900, mupige hesabu beye benyewe. Na hapa Lubumbashi tuko juu, metere 1200 na kitu, hewa ni nyepesi, gari bila turbo inapumua kama muzee kwenye ngazi, turbo njo inasukuma hewa ndani kwa nguvu na unasahau kama uko juu. Njo maana niliipenda. Njo maana nilikula bukari na sombe miezi munane bila kugusa nyama, bibi ananiangalia tu.

Moteri tulifungua yote. Bloki ikaenda ku rektifye, silenda zikaongezwa nusu milimetre, pistoni mupya, segema mupya, kusine mupya, jwe ya kilasi ya chuma ju ile ya zamani ikiona boosti ya kweli, ile presyo ya hewa ya turbo, inatoa roho. Turbo yake ya kwanza, CT9, ni ya ukubwa wa kikombe cha chai, nikatoa nikaweka TD04. Ile intakula yake, kile kya kupoza hewa ya turbo, inakaliaka juu ya moteri, juu ya joto, kama sufuria juu ya makala, sasa hewa itapoa namna gani? Nikaitupa. Nikaweka kubwa mbele ya radiatere. Na pale njo shida ilizaliwa, ju intakula ikienda mbele unaitaji tuyo ndefu, moja inatoka ku turbo inaenda mbele, ingine inatoka mbele inarudia ku papiyo ya hewa, ule mulango wa kuingizia hewa ku moteri.

Siku ya kufunga tuyo yule mutu alitia kikwembe mu mudomo ya tuyo ili vumbi isiingie. Sawa. Ni akili, hata mi nilimusifu. Kisha akaenda kukula. Kisha akarudia. Kisha akafunga kolye zote, akakaza sana, akapiga mukono juu ya kapo, tapu tapu, "patroni, imeisha".

Gari ikawaka muzuri. Ikisimama inanguruma mupole hakuna shida, ju pale moteri inaitaji hewa kidogo tu, ile inapitia pembeni ya kitambaa inatosha. Unakanyaga, hakuna kitu! Sindano ya boosti inafika ku zero inakatala kupita, na turbo inalia shu-shu-shu-shu kama jogoo mwenye banakaba shingo. Nikamuuliza. Akasema patroni, hiyo ni sauti ya turbo kubwa, bazungu banalipaka feza juu ya kupata hiyo sauti.

NA MI NILIFURAHI. Nilikamata video nikatumia shemeji yangu.

Yenga tatu! Tulibadilisha buji. Tulibadilisha pompa ya esansi. Akasema ni esansi mubaya, nikaenda nunua ingine. Akasema ni westigeti. Akasema ni kaptere ya presyo. Akasema ni ordinatere, akaifungua, akaipuliza na mudomo kama vile mutu anapuliza chai. Kisha akanivuta pembeni akasema patroni, ku jamaa yenu hakuna mutu mwenye anakuchukia? Na kila mara analipisha. Hata ile ya kuuliza jamaa alilipisha, dola kumi, "diyagnostiki".

Jana sasa. Munajua ile lami ya nyuma ya karieri, tunalipaka kidogo banafunga mlango asubui tunazunguka bila polisi. Nikavaa kasiki. Nikakanyaga mpaka chini. Kupinda ya pili, Noah ikanipita. Noah! Ile ilikuwa inaleta bukari ya bantu! Kwa hasira nikakanyaga tena na nikasikia PUF, tuyo ya mbele imetoka, presyo ilikuwa inajifungia mule haina pa kwenda.

Yule mutu akakuya na tornovisi yake. Akafungua tuyo. Akatia mukono. Akavuta. Akavuta tena. Kile kikwembe kinatoka tu hakiishe, kama matumbo ya mbuzi, kikwembe cha 8 Machi, zambarau, na picha ya mwanamuke anabeba mutoto ku mugongo. Bantu kumi na tano banaangalia. Mi nangoja aseme pole. Nangoja aseme "nilikosa". Akakikunguta, akakigeuza huku na huku, akasema:

"Ah! Njo hii! Nilikuwa naitafuta!"

AKAPANGUSA JASHO. Paji la uso, shingo, nyuma ya masikio, mupole mupole. Akakunja. Akatia mufukoni. Akaenda kukula bukari ya ile Noah.

Na turbo imekufa hivyo. Ile shu-shu ilikuwa ni hewa inakosa njia inarudilia nyuma inapiga mapanga ya turbo, yenga tatu inapiga tu, leo nashika kale kachuma ka katikati na bidole kanacheza mbele na nyuma kama jino la mutoto wa miaka sita. TD04 ya miezi munane ya sombe!

Alipangusa na MASIKIO.

Kamalondo_Dizeli

Pole sana grando. Swali moja tu. Kilikuwa kimefuliwa?

Vye_wa_Kenya

Mutoto wangu, nitasema na hutafurahi. Turbo inalia na sindano haipande, kitu ya kwanza ni kutoa tuyo uangalie ndani. Tornovisi moja, dakika kumi. Hewa inaingia huku haitoke kule, basi kuna mutu amekaa katikati ya njia. Weye uliacha tuyo ukafungua ordinatere. Hata ng'ombe ikikatala kunya hubadilishe kichwa.

Starlet_ya_Katuba

Vye, heshima yako naijua. Lakini ALIPANGUSA JASHO.

Peti_BelAir

Mi nilikuwa pale. Yaya hajaeleza yote. Noah haikumupita tu. Ilimupita, ikapunguza, ikamungojea.

Starlet_ya_Katuba

Bongo. Ilinipita mara moja.

Noah_ya_Chakula

Mbili patroni. Na nilikuwa naenda mupole, nilibeba sufuria tatu, sikutaka supu imwangike.

Kamalondo_Dizeli

HAHAHAHA nimeanguka chini ya kitanda bibi anauliza nini

Bokseri_Imevunjika

Weye wa Starlet unalia na kitambaa? Kitambaa ni zawadi. Mi nilimupelekeaka Subaru, huyo huyo mwenye kofia, moteri ya bokseri, silenda mbili huku mbili kule. Akafunga. Akaniletea bulo saba mu kikopo cha nyanya. Nikauliza hizi ni za wapi. Akasema Bajapani banawekaka za ziada. Yenga moja, kusine ikaanza kugonga. Ka-ka-ka-ka. Akasema fungua radio.

Starlet_ya_Katuba

Masta pole lakini huu ni uzi wangu, fungua wako. Bulo hazikupanguse jasho.

Bokseri_Imevunjika

Zangu zilikuwa saba.

Bukavu_Mulima

Siye huku Bukavu tunasoma tu. Munapata wapi lami ya kukanyaga mpaka chini? Huku ukikanyaga tu umeshaingia ziwani.

Vye_wa_Kenya

Turudi ku turbo. Kijana, ile TD04 usitupe. Kama mapanga haijagusa ganda, banabadilisha katikati tu, paliye na segema zake, inarudia muzuri. Tena weye na benzako mukisha kukimbiza munazimaka gari palepale. Mubaya sana. Turbo bado iko moto, mafuta inasimama mule ndani inaungua inakuwa makala. Acha moteri inguruma dakika mbili, kisha zima. Na mbele ya kuwasha mara ya kwanza, turbo ikiwa mupya, unatia mafuta na mukono mu kashimo kake. Alifanya hivyo?

Starlet_ya_Katuba

Mafuta alitia. Na kikwembe alitia.

Heshima_kwa_Bakubwa

Mi nitamutetea. Muzee alitengeneza Corolla ya marehemu papa na mpaka leo inatembea, hakulipisha hata franka. Kila mutu anasahauka. Weye mwenyewe hujasahauka kitu?

Peti_BelAir

Corolla ya marehemu papa ni ile banasukumaka kila asubui kwenye kona?

Heshima_kwa_Bakubwa

Ni betri. Muzee si betri.

Bokseri_Imevunjika

Betri haha. Akufungulie radio.

Mama_Filo

Samahani bapapa, mi sijue mambo ya turbo, kaka yangu njo alinionesha huu uzi. Nauliza tu. Hicho kikwembe cha zambarau cha 8 Machi, mwanamuke na mutoto ku mugongo, pembeni kilikuwa na maua ya manjano?

Starlet_ya_Katuba

Mama, kwa nini unauliza?

Mama_Filo

Ju nilinunuaka yadi sita nikapeleka ku mushonaji anishonee libaya na vikwembe vyake mbili. Akanirudishia libaya na kikwembe kimoja, kimekatwa, akasema nguo haikutosha, eti nimenenepa. Nimenenepa! Nikakubali nikarudia nyumbani nikalia. Na huyo mushonaji ni shemeji ya yule mwenye kofia.

Kamalondo_Dizeli

Mungu wangu. Kesi imegeuka.

Peti_BelAir

Manjano ilikuwako mama. Mi niliona. Kabla ya jasho.

Mama_Filo

NILIJUA. Yadi sita inatosha hata kwa mutu mbili. Sikunenepa.

Vye_wa_Kenya

Mama pole. Bashonaji ni bezi kupita transitere wa Kasumbalesa, bale banapitishaka mizigo ku mupaka, na mi transitere nabajua. Bibi yangu alipeleka kitambaa ya krismasi, banamurudishia Pasaka. Na shemeji ya mushonaji alikuwa na kravati ya rangi ile ile ku kanisa.

Noah_ya_Chakula

Ya mi alikata suruali paka hapa ku goti, akasema itarefuka nikifua.

Bokseri_Imevunjika

Imerefuka?

Noah_ya_Chakula

Naivaa kama kaptula siku ya kuleta bukari. Munaniona.

Starlet_ya_Katuba

Bandugu. Tunaongelea turbo. Turbo yangu. Jino la mutoto wa miaka sita. Kuna mutu anasikia?

Mama_Filo

Ngoja kwanza kijana. Hicho kikwembe kiko wapi sasa?

Starlet_ya_Katuba

Mufukoni mwake.

Mama_Filo

Basi kesho asubui mapema niko pale karibu na reli. Nitakifua na munyu. Bakubwa balisema kuna mushonaji ingine Katuba, mwanamuke, anapimaka nguo mbele yako na anakurudishia bipande byote byenye bilibaki. Nani anamujua?

Kamalondo_Dizeli

Mi namujua mama, eko nyuma ya soko, anamushoneaka bibi yangu. Lakini usimupelekee kitambaa ya kuteleza, ile inamushinda.

Bukavu_Mulima

Huku kwetu wanakata na mkasi butu, mkono mmoja mrefu mwingine mfupi, wanasema ni fasheni ya Kinshasa.

Peti_BelAir

Ya mi ilikuwa suti ya ndoa. Bifungo biko upande ya mugongo. Nilioa hivyo.

Mama_Filo

Tuma picha.

Starlet_ya_Katuba

Uyo wa nyuma ya soko, suruali anafanya bei gani?