Tupeane uzoefu: umewahi kutembea na kiongozi kwenye milima ya Uskoti? Ilikuwaje?

Mzizima Baridini (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wikiendi. Niko Glasgow mwaka wa nne huu. Miaka mitatu ya mwanzo Uskoti niliyoijua mimi ni kazini, nyumbani, na duka la Mhindi anayeuza unga wa sembe. Juzi mwenzangu wa kazini kanikokota tukalipia matembezi ya siku moja. Mnakutana asubuhi stendi ya mabasi, watu wanane na kiongozi mmoja, kigari kinawapeleka Balmaha kando ya Loch Lomond, mnapanda Conic Hill, jioni mko mjini.

Kilima chenyewe mita 361. Nikacheka. Nikavaa jinzi na raba nyeupe.

Raba sitaki kuzizungumzia. Ngazi za mawe zilikuwa zinatiririsha maji kama mfereji wa Jangwani, na jinzi ikishalowa unabeba kilo mbili zisizokuhusu. Kiongozi wetu alikuwa mama wa makamo, anatembea mikono nyuma kama anakagua shamba lake, hahemi. Tulipofika juu akanyoosha fimbo kuelekea ziwani: hebu viangalieni vile visiwa. Kweli, vimejipanga mstari mmoja, na mstari huo unakuja moja kwa moja hadi kwenye mgongo wa kilima tulichosimama. Akasema huo ndio ufa wa ardhi unaotenga Nyanda za Juu na za chini, hapa mguu mmoja uko huku na mwingine kule. Ningekuwa peke yangu ningepiga selfi nikashuka.

Haya, mwageni yenu. Kiongozi wako alikuonyesha nini ambacho ungekipita? Na aibu mseme pia.

Mgumu wa Machame

Mkuu, mimi nimebeba mizigo Kilimanjaro misimu sita, kichwani. Kwa hiyo nilipoalikwa kwenda Ben A'an, mita 454, nikamwambia shemeji yangu huo si mlima, ni kichuguu.

Nilichosahau ni kwamba kwetu mvua inatoka juu. Huku inatoka ubavuni. Nikajitia kuongoza msafara, nakata mbuga mbele ya wote, mara nasikia nyuma yangu: "Pole pole!" Nikageuka nikidhani kuna ndugu. Ni kiongozi, mzee mwenye ndevu nyeupe, kumbe alishafika Uhuru. Mtu wa Moshi naambiwa pole pole na Mskoti, mbele ya shemeji.

Juu pale ukiangalia magharibi unaona Loch Katrine yote imelala katikati ya milima. Ndiyo maji ya bomba ya Glasgow hayo, tangu 1859, Malkia Victoria alikuja kufungua mwenyewe. Yanateremka hadi mjini bila pampu. Na upande wa juu wa ziwa hilo, sehemu inaitwa Glengyle, ndiko alikozaliwa Rob Roy MacGregor mwaka 1671. Huyu bwana alikuwa akipokea hela kwa wenye ng'ombe ili ng'ombe wao wasiibwe. Usipolipa, wanaibwa. Nikasema hii biashara naifahamu.

Dada wa Likoni

Mzizima, jinzi tena? Pole sana jamani.

Bint Pangani

Mimi nina la Arrochar. Kiongozi anasema tunaanzia kwenye loch, nami kichwani nina ziwa. Tumeshuka garini napigwa na harufu ya kwetu. Naangalia mawe: mwani. Kome wameganda. Nikachovya kidole nikalamba, chumvi! Wenzangu wakanitazama kama nimerukwa na akili. Kumbe Waskoti ziwa huliita loch, na hori la bahari huliita loch vilevile. Hiyo ya Arrochar inaitwa Loch Long na ni bahari tupu.

Kutoka pale tukatembea kwenda Tarbet, upande wa Loch Lomond, maji matamu. Ni mwendo wa nusu saa na ushei, shingo ya nchi kavu katikati ya milima. Kiongozi akatusimamisha njiani akasema mwaka 1263 watu wa Mfalme Haakon wa Norway waliburuta meli zao kupita hapahapa, wakazishusha upande wa pili, wakawavamia watu waliojiona salama kwa kuwa wako mbali na bahari.

Wenzangu walisema "aa" wakaendelea na biskuti zao. Mimi nimekua naona watu wakivuta mashua kutoka majini. Wanaume ishirini, magogo chini, harambee, harambee, hatua kumi tu mishipa ya shingo imewatoka. Nusu saa ya kutembea mikono mitupu! Nikaipima ile njia kwa macho, inapanda kwanza kisha inashuka. Sikula kitu mpaka Tarbet.

Mchumi wa Temeke

Samahani wadau, naona mnasifia tu. Sheria ya huku ya 2003 inakuruhusu kutembea karibu kila mahali, hata shamba la mtu, mradi una adabu na ufunge geti. Milima ni bure, simu ina ramani. Mnalipa nini?

Nesi wa Nyeri

Mchumi, wacha nikujibu na ya Glencoe.

Tulikuwa watu kumi na wanne, na hapo kampuni ilikosea, kiongozi mmoja ni mchache. Safari ni kupanda hadi bonde lililofichika nyuma ya milima, wenyewe huliita Coire Gabhail, ambako akina MacDonald, ukoo wa huko, walikuwa wakificha ng'ombe. Njia ina mawe mengine ukubwa wa matatu, unapanda kwa mikono.

Tukiwa tumepumzika ndipo akatueleza ya Februari 13, 1692. Mkuu wa ukoo alichelewa siku chache kula kiapo kwa Mfalme William. Askari wakatumwa, na hawakuja kwa ubaya: walikaribishwa kama wageni, wakalala nyumba za watu karibu majuma mawili, wanakula pamoja, wanacheza karata pamoja. Kisha kabla ya alfajiri wakaamka wakawaua wenyeji wao, watu wapatao 38, na wengine wakafia kwenye theluji wakikimbia. Akasema sheria ya Uskoti ilikuwa na jina lake pekee kwa uovu kama huo, kumuua mtu aliyekuamini. Wa pwani hapa mtanisaidia, si hiyo ndiyo amana?

Sasa jibu lako. Tulikuwa tumebakisha kama nusu saa, bado naona jua kabisa. Kiongozi akaangalia juu, akaangalia saa, akasema tunarudi. Watu wakanung'unika, na mimi nikiwemo. Nimelipa! Hakubishana na mtu, alianza tu kushuka. Tulipofika kwa gari niligeuka kuangalia tulikotoka. Hakukuwa na mlima. Ukuta mweupe, na mawe yale yote yanateleza kama sabuni. Ramani ya simu ingenionyesha njia, sawa. Nani angeniambia nisiifuate?

Mchumi wa Temeke

Hapo sina la kusema. Bei bado ni kubwa lakini.

Mwana wa Bukavu

Bandugu, mbona hakuna aliyetaja usubi? Loch Lomond, mwezi wa saba, jioni, upepo umetulia. Mbu wa Ruzizi wana heshima, wanakuja mmoja mmoja. Hawa wanakuja kama moshi, wanaingia puani, masikioni, ndani ya chai. Kiongozi akatoa vyandarua vya kichwa mfukoni, alikuwa navyo vya wote. Na kabla ya kupanda gari akatuambia tukaguane nyuma ya magoti, kupe wa huku wana ugonjwa unaitwa Lyme. Mimi nilikutwa naye mmoja.

Ummu Salma

Na sala je? Juni Magharibi ni baada ya saa nne usiku, sawa, lakini Desemba jua linazama kabla ya saa kumi. Kikundi kinasubiri?

Mzizima Baridini

Dada, sisi tuliulizwa mapema kama kuna anayehitaji kusimama. Kulikuwa na kijana wa Kisomali, akatandika koti la mvua nyuma ya ukuta wa mawe, akaswali. Kondoo watatu wakaja kusimama mbele yake wanamtazama mpaka alipotoa salamu. Ila mwulize kiongozi kabla ya kulipa, si wote.

Babu wa Bagamoyo

Wajukuu, mimi magoti yamestaafu. Nendeni Blantyre, treni dakika ishirini na kitu kutoka Glasgow, njia tambarare kando ya mto Clyde. Kuna nyumba aliyozaliwa Livingstone mwaka 1813, familia nzima chumba kimoja, akaanza kazi kiwanda cha pamba na umri wa miaka kumi. Mnavuka mto kwa daraja la miguu, mnatembea mpaka ngome ya Bothwell, mawe mekundu kama udongo wa Karatu.

Kiongozi alipofika kwenye kifo chake, Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1, 1873, nikamtegea. Wengi husema "mwili ukapelekwa pwani", kana kwamba ulijipeleka. Huyu kijana akawataja Chuma na Susi, wahudumu wake walioubeba, kabla sijafungua mdomo. Nikampa mkono, nikamwambia pwani hiyo ni kwetu, huo mwili ulifika Bagamoyo Februari 1874. Akaniachia kundi. Dakika kumi nikawa kiongozi mimi, naeleza misheni ilipo, watu wananipiga picha.

Dada wa Likoni

Babu umeua! Jamani, mbona tusikusanyane twende sisi wenyewe, tukodi kigari na kiongozi? Mimi nitaleta mandazi.

Nesi wa Nyeri

Nipo, lakini iwe Jumapili. Na Mzizima anunue buti.

Mgumu wa Machame

Nitabeba sufuria la pilau. Kichwani.