Mrejesho: Siku ya safari ndefu ya pikipiki ugenini

Niliuliza kama kilomita 600 kwa siku ni nyingi mno kwa mtu anayeendesha pikipiki peke yake katika nchi asiyoijua. Zinawezekana, ingawa ukaguzi wa leseni, kadi ya pikipiki na bima mpakani ulinichosha kuliko barabara yenyewe. Ushauri ulionifaa zaidi ulikuwa wa kupima upepo wa matairi asubuhi yakiwa bado ya baridi, kwa kuwa joto la mwendo huongeza kipimo na kumdanganya dereva. Kuendesha upande wa kulia nilikuzoea mapema. Kilichonisumbua ni kutoka kituo cha mafuta barabara ikiwa tupu, kwani hapo hakuna gari la kukukumbusha upande. Cheni niliipaka mafuta jioni, ikiwa bado na joto, kama mlivyonielekeza.