Nimefungwa chesi kwa hatua 9 tu, nilikosea wapi?

Pweza_Ngamiani: Wakuu habari za jioni. Jumamosi nimecheza mashindano yangu ya kwanza ya chesi hapa Tanga, dakika 15 kila mtu, nikafungwa hatua ya 9 meza ya pembeni hata hawajachangamka 😭 Nilikuwa na nyeusi. Mechi yenyewe (herufi na namba ni jina la kisanduku cha ubao, nyeupe anaanza): e4 e5, farasi f3 farasi c6, askofu c4 farasi f6, farasi wake g5 anaitolea macho f7, nikasukuma d5, akala, nami nikala kwa farasi. Hapo jamaa kazamisha farasi f7, nikamla na mfalme, malkia f3 cheki, nikarudi e8, askofu kala d5. Nikaona ngoja nimtishe malkia wake, farasi d4. Hakukimbia wala nini, akashuka f7, chekimeti, kanipa mkono. Kosa ni kule kurudi e8?

Mzee_wa_Baraza: E8 ni kosa lakini mjukuu ulishachelewa, ugonjwa uko hatua ya 5 ulipokula d5. We si ndo wale wa drafti barabara ya 9? Kwenye drafti ukiona cha kula lazima ule, huku hulazimishwi. Ungepeleka farasi a5 umguse askofu, atapiga cheki b5, weka c6, akila nawe ule na askari wa b. Umepungukiwa askari mmoja ila kete zako zinatoka mbio, yeye kazi yake kuhamisha askofu tu.

Kahawa_Chungu: Hiyo ya kuzamisha farasi f7 wanaiita maini ya kukaanga 😂 Mtaliano Polerio alishaichambua miaka 400 iliyopita, usijione mjinga. Ila ukishakula d5 na kupigwa cheki ya malkia, mfalme apande e6, inatisha kumtoa kifua wazi hivyo lakini ndo anayemlinda farasi wa d5

raskazone_dogo: mnamtesa bure, hatua ya 3 aweke askofu c5 badala ya farasi, wakileta farasi g5 malkia mweusi anamla, njia iko wazi toka d8

Pweza_Ngamiani: Shikamoo mzee, umenijuaje 😂 Ile d5 mkono ulienda wenyewe, saa yangu ilikuwa na dakika 13 bado! Nimeipanga upya na mdogo wangu, kwa a5 nimefika hatua ya 20 nikiwa hai. Sasa nikishakula c6, askofu wake akirudi e2, farasi wa g5 nimfanyeje?

Mzee_wa_Baraza: Marahaba. H6 hapohapo, akirudi f3 msukumie e4, umfukuze tena.